Hewa ya Ukumbi wa Mihadhara Ni Suala la Mkataba

Tarehe 20 Machi 2020 vyuo vikuu vya Uganda vilifunga milango kwa amri ya Rais Museveni, siku moja tu kabla ya nchi kuthibitisha mgonjwa wake wa kwanza wa korona. Vikafunguliwa katikati ya Oktoba mwaka huohuo kwa wanafunzi wa mwaka wa mwisho peke yao, vikafungwa tena Juni 2021 wimbi la pili lilipopamba moto, na vikafunguliwa upya tarehe 1 Novemba 2021. Katika kufungwa na kufunguliwa huko, mjadala wa hadharani ulimhusu zaidi mwanafunzi: amepoteza mihula mingapi, atahitimu lini, ada aliyokwisha kulipa itahesabiwaje. Ulikuwa mjadala wa haki kabisa. Lakini mtu aliyetakiwa kusimama mbele ya ukumbi wenye watu mia mbili, na mwenzake aliyetakiwa kuufagia ukumbi huo baada ya watu kutoka, waliulizwa kwa nadra sana ni katika hali gani wangeweza kuifanya kazi hiyo bila kuhatarisha maisha yao.

Naandika haya kama mtu aliyefundisha katika chuo kimoja kipindi hicho na ambaye bado analipa mchango wa uanachama wa chama cha wafanyakazi kila mwezi, kwa hiyo nisichukuliwe kuwa mtazamaji wa mbali. Hoja yangu ni kwamba malalamiko ya wafanyakazi wa vyuo kuhusu mazingira ya kazi wakati wa janga yalikuwa ya kweli, ila yalichelewa kuwasilishwa, tena na vyama ambavyo havikuwa na zana za kuyabeba. Kwa miaka mingi vyama vyetu vimejenga nguvu yake juu ya jambo moja, nalo ni mshahara. Mwaka 2013 wahadhiri wa Makerere waligoma wakidai nyongeza ya asilimia 100. Mwaka 2016 mgomo wa malimbikizo ya marupurupu ulimalizika kwa Rais kukifunga chuo kizima tarehe 1 Novemba, na milango haikufunguliwa hadi mwaka uliofuata. Tunajua kuhesabu malimbikizo hadi senti ya mwisho, tunajua kuandika notisi ya mgomo, na tunajua ni ofisi gani ya serikali inapaswa kupelekewa nakala. Idadi ya watu wanaoruhusiwa kukaa katika chumba kimoja, madirisha yanayofunguka, na ni nani anayelipa hospitali mhadhiri akiugua kazini ni mambo ambayo hatukuwahi kuyapigania kwa bidii hiyo.

Hali ilivyokuwa ndani ya kumbi inafaa kuelezwa kwa utulivu. Masharti ya afya yalitaka watu wakae kwa umbali wa mita mbili. Tuseme ukumbi una viti mia mbili. Ukivipanga kwa umbali huo, wanaobaki ni kama arobaini, na hao wengine mia na sitini wanapaswa kufundishwa wakati mwingine. Maana yake mhadhiri yuleyule atarudia somo lilelile mara tano, akiwa amevaa barakoa, akipaza sauti ili wa nyuma wasikie, kwa mshahara uleule na bila saa moja ya ziada kuandikwa popote. Chuo kikikataa hesabu hiyo, kinabaki na njia moja tu, nayo ni kuwarundika wanafunzi kama zamani na kuweka ndoo ya maji mlangoni. Wengi wetu tuliiona njia hiyo ya pili ikifuatwa, tukaiacha ipite kwa kuwa wanafunzi nao walikuwa wamechoka kusubiri, na hakuna mwalimu anayependa kuonekana ndiye anayewazuia vijana kuhitimu.

Ndoo ile ya maji ina maelezo yake. Nguvu nyingi za tahadhari ziliwekwa getini: kipimajoto cha kuelekeza kwenye paji la uso, maji na sabuni, daftari la kuandika majina na namba za simu. Vitu hivyo ni rahisi kununua na ni rahisi kumwonyesha mkaguzi. Lakini kadiri miezi ilivyokwenda, wanasayansi walizidi kueleza kwamba virusi hivi huenea zaidi kwa hewa ambayo watu wanaivuta pamoja katika chumba kilichofungwa, na Shirika la Afya Duniani lenyewe lilichukua muda mrefu kulitamka jambo hilo waziwazi. Hatari kubwa kwa mfanyakazi wa chuo ilikuwa saa mbili anazokaa ndani, wakati sekunde tano alizotumia kupita getini ndizo zilizokaguliwa. Nchi yetu haina baridi ya kumfanya mtu ahofie dirisha lililo wazi, na kwa sehemu kubwa ya mwaka somo linaweza kufanyika barazani au hata chini ya mti. Hatua ambayo ingegharimu kidogo kuliko zote ingekuwa kufungua madirisha yaliyokwama kwa kutu, kuhamishia nje madarasa madogo, na kuweka kikomo cha idadi kwa kila chumba, kikomo ambacho mhadhiri mwenyewe ana mamlaka ya kukisimamia. Mamlaka hayo ndiyo yaliyokosekana. Mhadhiri aliyekuta watu themanini katika chumba cha thelathini hakuwa na waraka wowote wa kumlinda endapo angesema hafundishi mpaka wapungue.

Makerere ilipata pigo jingine ambalo hakuna aliyelitarajia. Usiku wa kuamkia tarehe 20 Septemba 2020, Jengo Kuu, lile la mwaka 1941 lenye mnara mweupe unaojulikana na kila aliyesoma nchini, liliteketea kwa moto, wiki chache kabla ya wanafunzi wa mwaka wa mwisho kurudi. Humo ndimo zilimokuwa ofisi za fedha na za kumbukumbu. Wafanyakazi wa utawala waliokuwa wakizitumia ofisi hizo ilibidi watafutiwe nafasi kwingine, katika mwezi uleule ambao watu walikuwa wakihimizwa wasibanane.

Kisha kuna usafiri, jambo ambalo huonekana dogo kwa mtu mwenye gari. Kafyu ilianza mwisho wa Machi 2020, saa moja jioni, baadaye ikasogezwa hadi saa tatu usiku, ikarudishwa saa moja katika kufungwa kwa Juni 2021, na haikuondolewa hadi Januari 2022. Vyuo vyetu vingi huendesha masomo ya jioni kwa watu wenye ajira, na mapato yake yana uzito mkubwa katika bajeti. Mhadhiri wa jioni anayeishi Mukono au Entebbe, mkutubi anayefunga maktaba, na mlinzi anayepokea zamu usiku walilazimika kupanga kazi zao kwa kuangalia saa ya polisi. Bodaboda zilikatazwa kubeba abiria kwa miezi kadhaa mwaka 2020, na taksi ziliporudi barabarani zilibeba nusu ya abiria kwa nauli iliyopanda. Wasiokuwa na gari, ambao ndio wengi miongoni mwa wafanyakazi wa ngazi za chini, walitembea kwa miguu au walilipa tofauti hiyo kutoka mifukoni mwao.

Masomo yalipohamia mtandaoni, Baraza la Taifa la Elimu ya Juu lilitoa mwongozo wa dharura wa ufundishaji wa mbali, na Makerere ilikuwa tayari na mfumo wake wa kufundishia mtandaoni, MUELE. Hili lilipunguza hatari ya maambukizi, na mimi ni kati ya wale walioliunga mkono tangu mwanzo. Hata hivyo, gharama ya kazi ilihama kutoka kwa mwajiri kwenda kwa mwajiriwa bila mazungumzo. Kompyuta ni yako, umeme ni wako, chumba ni chako, na kifurushi cha intaneti unakinunua wewe. Zaidi ya hayo, tarehe 1 Julai 2021, tukiwa katikati ya zuio la pili na watu wote wakitakiwa kukaa majumbani, serikali iliondoa ile kodi ya shilingi 200 kwa siku ya mitandao ya kijamii, ikaweka badala yake ushuru wa asilimia 12 juu ya data ya intaneti. Mwalimu aliyeambiwa afundishe kwa intaneti alikuwa akitozwa ushuru kwa kutii agizo hilo. Na miezi michache kabla yake, wakati wa uchaguzi wa Januari 2021, intaneti ilizimwa nchi nzima kwa siku tano. Chama kilichozoea kujadili posho ya nyumba na posho ya usafiri kilikuwa na kila sababu ya kudai posho ya data na kifungu kinachoeleza kazi inahesabiwaje mtandao ukizimwa na serikali yenyewe.

Nilisikia, na bado nasikia, hoja ya upande wa pili, na ni hoja yenye uzito. Inasema kwamba wafanyakazi wa vyuo vya umma waliendelea kupokea mshahara wakati walimu wa shule binafsi walikuwa wakifyatua matofali na kuuza chapati ili watoto wao wale. Kwa hiyo mhadhiri anayelalamikia hewa ya ukumbi anapaswa kwanza kushukuru. Sipingi ukweli wa maelezo hayo. Shule za Uganda zilikaa bila kufunguliwa kikamilifu kwa karibu miaka miwili, hadi tarehe 10 Januari 2022, muda mrefu kuliko karibu nchi nyingine yoyote duniani, na aliyelipwa mwezi kwa mwezi katika kipindi hicho alikuwa na bahati. Ninachokataa ni kuugeuza mshahara kuwa fidia ya hatari. Mshahara ni malipo ya kazi. Mtu analipwa kwa kufundisha, na haki ya kufundisha mahali salama ni haki nyingine iliyosimama peke yake. Ibara ya 40 ya Katiba ya mwaka 1995 inaitaja kazi katika hali salama na yenye kulinda afya bila kuiwekea sharti kwamba mfanyakazi awe maskini kwanza ndipo aidai.

Hoja hiyo pia inasahau kwamba vyuo si vya umma peke yake. Chuo binafsi kinaishi kwa ada. Ada ilipokatika, mishahara ilikatika, na wahadhiri wa muda wanaolipwa kwa saa hawakuwa na saa za kulipwa. Vyuo vilipofunguliwa, watu hao walirudi kazini wakiwa na madeni ya kodi ya nyumba ya miezi mingi. Mtu wa namna hiyo hawezi kumwambia mkuu wa idara kwamba chumba kimejaa mno. Atafundisha hata akiwa na homa, kwa sababu siku ya kuugua ni siku isiyo na malipo. Ndiyo maana naona posho ya ugonjwa kwa wahadhiri wa muda kuwa hatua ya afya ya umma yenye nguvu kuliko kipimajoto cha getini, na inanisikitisha kwamba vyama vyetu, ambavyo wanachama wao wengi wana ajira za kudumu, viliitaja kwa sauti ya chini.

Sheria haikuwa kikwazo. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2006 inamtaka mwajiri achukue hatua zote zinazowezekana kuwalinda wafanyakazi wake, awape vifaa vya kujikinga, na inatambua wawakilishi na kamati za usalama mahali pa kazi. Chuo kikuu ni mahali pa kazi kama kilivyo kiwanda cha saruji, ingawa sisi wasomi tumekuwa wagumu kujiona hivyo. Tulidhani usalama kazini ni jambo la watu wanaovaa helmeti. Kamati ya usalama yenye wajumbe waliochaguliwa na wafanyakazi ingekuwepo Machi 2020, ikiwa na orodha ya vyumba, ukubwa wake na madirisha yake, mazungumzo ya kufungua vyuo Oktoba yangeanzia kwenye takwimu. Badala yake, vikosi kazi viliteuliwa kutoka juu, na wafanyakazi wakapelekewa miongozo iliyokamilika.

Kuhusu fidia, pengo ni kubwa zaidi na linahitaji kutazamwa kwa makini. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2000 inaweka malipo ya kifo kuwa sawa na mapato ya miezi 60, kiasi ambacho si haba kwa familia. Lakini kwa upande wa magonjwa, sheria hiyo inategemea orodha ya maradhi yanayotambuliwa kuwa yanatokana na kazi, na orodha iliyoandikwa mwaka 2000 isingeweza kuujua ugonjwa uliozuka mwishoni mwa 2019. Hata ugonjwa ukitambuliwa, mjane wa mhadhiri atathibitishaje kwamba mumewe aliupata ukumbini wala hakuupata kwenye taksi, sokoni au kanisani? Kwa ajali ya mashine, mahali na saa vinajulikana. Kwa virusi, mzigo wa ushahidi ukiachwa kwa familia, haki inakuwa imefungwa kwa kufuli ambalo hakuna mwenye ufunguo wake. Nchi kadhaa zilitatua hili kwa kudhania kisheria kwamba mfanyakazi wa kundi fulani lililo hatarini ameambukizwa kazini mpaka mwajiri athibitishe vinginevyo. Chama cha wafanyakazi kinaweza kudai kifungu kama hicho katika mkataba wake bila kusubiri Bunge, kwa sababu mkataba unaweza kutoa zaidi ya sheria, mradi usitoe pungufu.

Anayedhani kwamba suala hili limezikwa pamoja na barakoa anapaswa kutazama kilima cha Mulago. Makerere hufundisha udaktari pale, katika hospitali kuu ya rufaa ya nchi, na mhadhiri wa pale ni mwalimu na mganga kwa wakati mmoja. Septemba 2022 Ebola ya aina ya Sudan ilitangazwa Mubende, na hadi ilipotangazwa kuisha Januari 2023 ilikuwa imethibitishwa kwa watu 142, na 55 kati yao walikufa. Madaktari wanafunzi wa hospitali ya rufaa ya Mubende waligoma katika siku za mwanzo wakisema hawana vifaa vya kutosha vya kujikinga. Tarehe 1 Oktoba alifariki daktari kijana kutoka Tanzania aliyekuwa akisomea uzamili wa upasuaji katika chuo kikuu kimoja nchini. Alikuwa amevuka mpaka kuja kuongeza ujuzi. Kisha Januari 2025 Ebola ileile ikarudi, na mgonjwa wa kwanza kuthibitishwa alikuwa muuguzi wa Mulago, aliyekuwa amekwisha kufariki.

Mtu anayesoma uzamili wa udaktari huwa ni mwanafunzi kwenye daftari la chuo na mfanyakazi wodini. Akiugua, chuo kinaweza kusema ni mtu wa hospitali, na hospitali ikasema ni mtu wa chuo. Kwangu mimi, hapa ndipo vyama vya wafanyakazi wa vyuo vilipaswa kusimama wa kwanza, kabla hata ya kujisemea wenyewe, kwa sababu hakuna katika jumuiya yetu aliye karibu zaidi na hatari kuliko hao na hakuna aliye mbali zaidi na ulinzi wa mkataba.

Lakini vyama vyenyewe vimegawanyika. Pale Makerere wahadhiri wana MUASA, wafanyakazi wa utawala wana MASA, na wafanyakazi wa huduma wana NUEI, ambacho ni chama cha kitaifa cha taasisi za elimu. Mgawanyiko huo una historia yake na katika madai ya mishahara una mantiki, kwani viwango ni tofauti. Katika suala la hewa na maambukizi hauna mantiki yoyote. Mhadhiri, katibu wa idara na mfagizi huvuta hewa ileile katika korido ileile. Na nje ya nyumba hizo tatu kuna kundi la nne, la wasafishaji na walinzi walioajiriwa na kampuni zenye zabuni, ambao huingia chuoni kila alfajiri na hawamo katika orodha ya chama chochote cha chuo. Katika chuo nilichofundisha, mwanamke aliyesafisha ofisi zetu alipewa jozi moja ya glavu za mpira, akawa anaziosha jioni na kuzianika dirishani ili azivae kesho yake. Nilizungumza naye mara nyingi, nikamwita mama kama wote walivyomwita, na katika mikutano yetu mirefu ya chama kuhusu usalama sikuinuka hata mara moja kusema kwamba glavu zile ni ajenda. Jambo hilo linanisumbua hadi leo.

Wenzetu wa nje walifika mbali kidogo, ingawa si kwa mafanikio makubwa sana. Agosti 2020 chama cha wahadhiri cha Uingereza, UCU, kilivitaka vyuo viache mpango wa kufundisha ana kwa ana katika muhula wa kwanza. Vyuo vilikataa, wanafunzi wakahamia mabwenini, na kabla ya Oktoba kuanza maambukizi yalikuwa yamelipuka Glasgow na Manchester, na mamia ya wanafunzi wakajikuta wamewekwa karantini katika vyumba vyao. Chama hakikusikilizwa, ila kilikuwa kimeandika msimamo wake mapema, kwa sababu zilizo wazi, na mtu yeyote anaweza kuurejea. Juni 2022 Shirika la Kazi Duniani liliingiza mazingira salama na yenye afya katika haki za msingi za mfanyakazi, pamoja na uhuru wa kuunda vyama, kwa hiyo hoja hii sasa ina mahali pa kuegemea kuliko ilivyokuwa mwaka 2020.

Mkataba wa hali bora unaoweza kusainiwa na vyama vyote vitatu kwa pamoja hauhitaji kurasa nyingi. Uweke kikomo cha watu kwa kila chumba na umpe mhadhiri haki ya kusitisha somo kikivukwa, bila kuadhibiwa. Utambue kurudiwa kwa somo kama saa za kazi. Uwape wahadhiri wa muda siku za ugonjwa zenye malipo, na uilazimishe kampuni yoyote inayoshinda zabuni ya usafi kutoa vifaa vya kujikinga kwa kiwango kilekile cha wafanyakazi wa chuo, sharti ambalo chuo kinaweza kuliandika katika zabuni yenyewe. Wapo watakaosema hakuna fedha. Baadhi ya haya hayahitaji fedha, na yale yanayohitaji lazima yaingie katika bajeti kwa wakati wake. Kwa utaratibu wa Uganda, andiko la awali la bajeti ya taifa hufika Bungeni kabla ya tarehe 31 Desemba kwa ajili ya mwaka wa fedha unaoanza 1 Julai, na idara za vyuo huanza kukusanya makadirio yao miezi kadhaa kabla ya hapo. Barua ya vyama inapaswa kuwa mezani kwa baraza la chuo ifikapo Septemba, ikiwa na orodha ya vyumba na idadi ya madirisha yasiyofunguka, na kazi ya kuyahesabu inaweza kufanywa na wajumbe wawili kutoka kila chama katika wiki moja ya likizo.